Ubao Mmoja, Magitaa Mawili

Jina lake la kwenye vyeti lilibaki huko huko kwenye vyeti. Mtaa mzima ulimwita Sikio, naye hakuwa na ugomvi na jina hilo, maana alilipata kihalali. Akiwa na miaka saba alisimama darasani akamwambia mwalimu kwamba kengele ya shule ina ufa. Mwalimu akamwambia akae chini, aache kujitia ujuaji. Wiki mbili baadaye kengele ikakatika vipande viwili, kimoja kikatoboa ndoo ya mlinzi, na mlinzi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita Sikio. Likashika.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na minne, fundi wa magitaa. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na huyu alisana kwelikweli. Alirithi kwa baba yake karakana nyuma ya nyumba, meza mbili za kazi, makopo ya gundi, randa kumi na moja, na pale kona msumeno wa mkanda. Asiyeujua msumeno huo afikirie magurudumu mawili, moja juu na moja chini, na utepe wa chuma wenye meno, umeunganishwa ncha kwa ncha, unayazunguka kama mkanda wa cherehani. Wewe unasukuma mbao mezani, mkanda unashuka na kukata. Baba mtu aliipenda mashine hiyo kuliko baiskeli yake, na baiskeli yenyewe alikuwa hamwazimi mtu.

Kilichomkosesha Sikio raha kilikuwa nyuma ya kabati. Hapo ulisimama ubao mmoja mweusi wenye mishipa ya rangi ya kahawa, upana wake shubiri moja, na ukiugonga kwa kifundo cha kidole ulikujibu mpaka ukasahau ulichouliza. Juu yake baba alikuwa amechora kwa penseli magitaa mawili. Kwenye moja aliweka mshale wa kuelekea kulia, kwenye la pili mshale wa kuelekea kushoto. La kulia lilikuwa la Sikio. La kushoto lilikuwa la dada yake mkubwa, aliyezaliwa anatumia mkono wa kushoto na ambaye utoto wake wote alipiga gitaa la baba akiwa amelipindua, nyuzi nene chini, nyembamba juu, mradi tu atoe wimbo.

"Huu ni wa watoto wangu wawili," baba alisema mwaka aliofariki. "Usipotoa mawili, usitoe hata moja."

Miaka tisa ikapita. Sikio alisema hana nafasi. Uongo mtupu. Aliogopa ubao ule kama mtu anavyoogopa kufungua barua.

Kisha Jumapili moja dada akaja, akaketi kwenye kigoda cha karakana, akanyoosha mkono wake wa kulia mezani. Vidole viwili havikunyooka. Mpiga gitaa wa mkono wa kushoto huzikandamiza nyuzi kwa mkono wa kulia, kwa hiyo hivyo ndivyo vidole vilivyokuwa vikitafuta sauti kwenye shingo ya gitaa kwa miaka arobaini.

"Baridi yabisi," dada alisema. "Daktari amenipa mwaka, labda na kidogo. Baada ya hapo nitakuwa napiga makofi tu, tena ya upande mmoja."

Alicheka mwenyewe. Sikio hakucheka. Dada alipoondoka, alikwenda nyuma ya kabati, akautoa ubao.

Hesabu haikumpendelea. Mgongo wa gitaa hutengenezwa kwa kurasa mbili za mbao zilizopasuliwa kutoka ubao mmoja na kufunguliwa kama kitabu, mishipa ya huku itazamane na ya kule. Magitaa mawili ni kurasa nne. Kila ukurasa ulihitaji milimita nne ili randa nayo ipate cha kula, jumla kumi na sita. Ubao ulikuwa na unene wa milimita ishirini na moja. Zilibaki tano, na ndani ya hizo tano mkanda ulipaswa kupita mara tatu. Mkanda uliokuwa kwenye mashine ulikula milimita mbili kila ulipopita. Mara tatu ni sita.

Milimita moja! Sikio aliandika hesabu hiyo nyuma ya bahasha mara nne, akidhani labda alikosea. Hakukosea. Na huo ni mkanda uliokwenda sawa. Ukiyumba kidogo tu, ukurasa mmoja unakuwa mnene huku na mwembamba kule, na ubao wa baba umekwisha.

Akaanza kuuliza. Kuuliza si ujinga, ingawa duka la kwanza la vifaa lilijitahidi kumwonyesha kwamba kujibu kunaweza kuwa ujinga. Mikanda ilining'inia ukutani, imekunjwa miduara mitatu mitatu. Muuzaji aliteremsha mmoja mwembamba wenye meno mengi, madogo kama ya panya.

"Huu unakata laini," alisema. "Meno mengi, ulaini mwingi. Hiyo haihitaji shule."

Sikio alikwenda nao, akatafuta kipande cha mbao ngumu chenye upana sawa na ule ubao, akakisimamisha na kukisukuma. Kwa vidole vinne vya mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Halafu ikaja harufu ya kuungua, moshi, na mkanda ukaanza kulia kama mtoto anayenyimwa kitu. Alipokifungua kipande aliona mkato una kitambi: juu sawa, chini sawa, katikati umetoka nje.

Mtu mwingine angetukana. Sikio alivuta taa karibu. Akauchunguza mkanda kwa kioo cha kukuzia, jino kwa jino, na akaona kila nafasi kati ya meno imeshindiliwa unga wa mbao mpaka ukawa mgumu kama saruji. Alikaa chini akafikiri, na kufikiri huko kulimpendeza kuliko chai. Kumbe jino si kisu tu! Jino linakata, lakini ile nafasi iliyo mbele yake ndiyo inayobeba unga nje. Mbao nyembamba ina unga kidogo, hata kikapu kidogo kinatosha. Mbao yenye upana wa shubiri inataka kikapu kikubwa, yaani meno machache yaliyoachana. Muuzaji wa duka alikuwa sahihi kwa mtu anayekata fremu za picha.

Basi akatafuta mkanda wa meno makubwa. Akaupata, mpana kama vidole viwili, akaubeba nyumbani kwa furaha. Huo ulikata bila moshi, unga ukamwagika chini kwa wingi, lakini chuma chake kilikuwa kinene na meno yake yamekunjwa nje huku na huku. Alipopima njia yake akakuta milimita mbili na robo. Alikuwa ametoka kwenye mvua akaingia kwenye dimbwi.

Wiki ya tatu alikwenda buchani kwa shemeji yake, mume wa dada, kununua mifupa ya supu. Kulikuwa na foleni. Alisimama nyuma ya mama mmoja mwenye kapu, akiwaza mikanda, mara shemeji akawasha msumeno wa mifupa. Sikio alikuwa ameusikia msumeno huo mara mia, lakini siku hiyo aliusikiliza. Ulipita katika mfupa wa paja, mzito na mgumu, bila kulia na bila kubadili sauti hata mara moja.

"Shemeji," aliita juu ya vichwa vya watu, "hebu kata mwingine."

"Umekuja kununua mifupa au kuisikiliza?"

"Kata mwingine, nakuomba."

"Mkatie huyo mifupa yake aende zake," alisema mama mwenye kapu, "maana naona leo ni leo."

Shemeji akakata. Sikio akapita foleni, akauchukua mfupa, akaupapasa ulipokatwa. Ulikuwa laini kama sahani. Akatoa mkobani kipimo chake cha milimita, ambacho hakuwahi kutoka nyumbani bila kuwa nacho, akainama kwenye mashine iliyokwisha kuzimwa, akaanza kuhesabu meno.

"Matatu kwa inchi moja," alisema. "Unajua una meno matatu tu kwa inchi?"

"Mimi nahesabu kilo, shemeji. Meno nawaachia madaktari."

"Na chuma chake ni nusu milimita! Kwa nini chembamba hivi?"

Hapo shemeji alifuta mikono kwenye aproni, kwa sababu swali lilikuwa la kazi yake na liliulizwa kwa heshima. "Ukitumia mkanda mnene, mfupa wa mteja unageuka unga unaanguka chini. Mteja si mjinga. Mkanda mwembamba hauli mali ya mtu. Na meno yakibanana, mafuta na unga vinaganda humo, mkanda unapata joto, unaanza kwenda unakotaka wenyewe."

Sikio alimtazama kana kwamba ndio kwanza anamwona. Miaka ishirini na mbili ya kumtania mtu huyu kwamba hajui kitu ila maini, kumbe alikuwa na jibu lake kwenye meza ya nyama! Alimwambia yote: ubao, kurasa nne, milimita moja inayopungua, na vidole vya dada, ingawa habari ya vidole mwenzake aliijua kuliko yeye.

"Anashindwa kufunga vifungo sasa," alisema shemeji. "Hataki nimsaidie. Nipe urefu wa mkanda wa mashine yako."

Mikanda ya buchani iliungwa na mchomeleaji mmoja aliyeikata kwa kipimo cha kila mteja. Ijumaa shemeji alileta miwili. "Mipya," alisema. "Usiogope, haijaonja nyama."

Sikio alipima njia yake kwenye kipande cha majaribio: milimita moja, hata haikufika. Mara tatu ni tatu, na kumi na sita ni kumi na tisa. Zilibaki mbili za akiba. Alicheza peke yake katikati ya karakana, na sioni sababu ya kuficha jambo hilo.

Lakini kabla ya kuupasua ubao alitaka kujaribu kipande kirefu, mkanda ukiwa umekazwa sawasawa, kama baba alivyoukaza. Baba hakuwa na kipimo cha kukazia. Alisimama mbele ya mashine, akaupiga mkanda kwa kidole gumba kama uzi wa gitaa, akasikiliza, akazungusha skrubu ya juu, akapiga tena, mpaka ikaja sauti fulani. Sikio aliijua sauti hiyo kabla hajajua kusoma. Basi akavipandisha vishikizo, vile vyuma vinavyoushika mkanda juu ya mbao usiyumbe, akaviweka juu kabisa ili kipande kipite. Akaupiga mkanda. Sauti ilikuwa chini mno. Akakaza. Bado. Akakaza tena, fremu ya mashine ikalalamika. Akakaza mpaka mkono ukauma, na hatimaye sauti ya baba ikaja, safi kabisa.

Mkanda ulikatika katikati ya kipande. Ulipasua hewa kwa kishindo kama bakora juu ya bati, ukajikunja ndani ya kifuniko chake, na Sikio akajikuta amekaa sakafuni, mzima.

Siku mbili hakugusa kitu. Ya tatu alimwita dada, akamwandalia chai, akamwambia alichoamua.

"Mkanda wa nyama ni wa nyama," alisema. "Nitatumia ule mnene, nitoe kurasa mbili nene zisizo na wasiwasi. Gitaa moja, la kwako. Mimi ninayo magitaa ya kutosha."

"Baba alisema nini?"

"Baba hakuwa na vidole vyako."

"Alisema usipotoa mawili usitoe hata moja. Ukinitengenezea la peke yangu kwa huruma, nitalitundika ukutani nisiliguse." Dada aliweka kikombe chini kwa mikono miwili. "Mkanda wa pili upo wapi?"

"Utakatika kama mwenzake."

"Ufunge nione."

Sikio aliufunga kwa hasira, maana dada mkubwa ni dada mkubwa hata ukiwa na mvi. Akasimama mbele ya mashine, akaupiga kwa kidole gumba, akaanza kukaza. Akapiga, akakaza, akapiga. Dada alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Unatafuta sauti ya baba," alisema.

"Ndiyo."

"Ninaikumbuka. Lakini siku hizo baba alikuwa anakata nini?"

"Mbavu za gitaa. Mbao nyembamba tu. Kazi ya kila siku."

"Na hivi vishikizo alikuwa anaviweka wapi?"

"Chini, karibu na me..."

Sikio hakumaliza. Aliachia skrubu. Alitazama vishikizo vilivyokuwa juu kabisa, kisha meza, kisha urefu wote wa mkanda ulioachwa wazi kati yao, na uso ukamwiva kwa aibu mpaka masikioni.

"Uzi mrefu," dada alisema taratibu, kwa sauti ya mwalimu wa muziki aliyekuwa, "wewe unautaka uimbe sauti ya uzi mfupi. Watoto wangu wa darasa la nne wangekukamata. Nyani haoni kundule!"

Fundi seremala wa kawaida asingeweza kulifanya kosa hilo hata kwa kutumwa. Lilihitaji sikio lisilosahau sauti kwa miaka arobaini, na mwenye sikio asiyekumbuka kwamba baba naye alikuwa na vishikizo. Sikio alianza kucheka, dada akacheka, chai ikamwagika.

Walivishusha vishikizo mpaka pale baba alipokuwa akiviweka, mahali rangi ilipokuwa imesuguliwa ikaisha. Sikio akapiga, akakaza kidogo tu, na sauti ya baba ikaja bila kulazimishwa. Kisha akavipandisha tena vishikizo. Akapiga: ilikuwa sauti ya chini, ya kizembe, iliyomuumiza masikio. Mkono wake wenyewe ukaelekea kwenye skrubu. Dada akaupiga kofi.

Kipande cha majaribio kilipita chote. Sikio alikipima pembe nne, zote sawa.

Ndipo akaleta ubao. Akaanza kusukuma. Mwendo wake ulikuwa wa mtu anayebeba bakuli lililojaa, na unga mweusi ulishuka chini mfululizo, wenye harufu kali kama ya pilipili. Mkanda haukubadili sauti. Ukurasa wa kwanza ulitengana na ubao, dada akaupokea kwa mikono yote miwili upande wa pili. Sikio akalainisha uso wa ubao kwa randa kidogo, akarudia. Wa pili. Alipoanza mkato wa tatu jasho lilimwingia machoni na hakulifuta. Mashine ilipozimwa kulikuwa na kurasa nne mezani, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na milimita nne na nusu.

Walizifungua mbili mbili, kama kitabu. Mishipa ya kahawa ilitazamana. Dada alizigonga moja moja, na kila moja ilijibu kwa muda mrefu.

Kisha dada akauvuta karibu ule ukurasa wa juu, uliobeba michoro ya baba, akaukazia macho mshale wa kushoto. "Una penseli?"

"Dada, tutawahi," Sikio alisema haraka, maana aliuona uso wake. "Nitaacha kazi nyingine zote."

"Mbao zipumzike miezi mingapi?"

"Miwili."

"Na kazi?"

"Minne. Mitatu nikijibana."

"Mwezi uliopita niliweza kushika ufunguo. Mwezi huu mume wangu ndiye anayefungua mlango." Dada aliinua mkono wa kulia, ule wa vidole visivyonyooka, akautazama bila chuki. Kisha akainua wa kushoto, akachezesha vidole vyake vyote vitano. "Lakini huu ni mzima kabisa. Na huu haujawahi kukandamiza uzi hata siku moja. Nimekuwa nikijiuliza, hivi nikiufundisha ungejua nini?"

Sikio alimsogezea penseli.

"Wa kulia utapiga nyuzi tu. Kidole gumba bado kinaitika. Nitengenezee la kulia, mdogo wangu, kama la watu wengine wote."

"Utaanza upya? Kwa umri huu?"

"A, be, che. Na mwalimu wangu atakuwa wewe, kwa hiyo Mungu anisaidie."

Alichukua penseli. Mshale wa kushoto hakuufuta. Kwenye mkia wake alichora kichwa kingine, kinachoelekea kulia, akaurudisha ukurasa mezani pamoja na wenzake.

Sikio alilia, waziwazi, na unga wa mbao ukamganda mashavuni. Alipomaliza alikwenda ukutani akateremsha gitaa lake mwenyewe, akamwekea dada mapajani, shingo ikiwa upande wa kushoto, ambako kwa dada haikuwahi kukaa. Akavishika vidole vya mkono wa kushoto, kimoja kimoja, akaviweka juu ya nyuzi mahali pake. Dada aliuma mdomo wa chini. Akashusha kidole gumba cha kulia.

Nyuzi mbili zilikoroma, moja haikutoa kitu, na zilizobaki ziligombana.

"Vipi?" dada aliuliza.

"Mbaya," alisema Sikio, ambaye hakuwahi kudanganya kuhusu sauti tangu siku ya kengele. "Mbaya sana, dada. Piga tena."